Anti, shemeji kanipa matairi, nayaogopa na kuyarudisha nashindwa

Shikamoo Anti. Naomba jina langu usiliweke maana hapa Moro tunajuana na ukoo wa mume wangu ni mkubwa, mtu akisoma tu atajua ni nani.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, nashona sare za shule na za maofisini. Nina kigari changu IST ambacho ndo kinanipeleka Kariakoo kufuata vitambaa nikipata oda. Sasa mwezi wa nane matairi yakaisha, yani vipara kabisa, trafiki wa kule Chalinze wakawa hata salamu hawanipi wanainama moja kwa moja kuangalia tairi. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anauza matairi ya mtumba Dar, yale yanayotoka Japani. Aliposikia akanipigia mwenyewe, "shemeji unahangaikaje na mimi nipo?" Nikaenda, akanifungia manne, elfu sitini na tano kila moja, nikatoa laki, iliyobaki akasema utanipa ukipata. Kiukweli nilifurahi Anti, na yalikuwa na meno marefu utadhani mapya.

Shida ikaanza nilipoona gari kwenye kona linayumba, yani usukani unageuza halafu gari linawaza kwanza ndo linafuata. Nikasema labda upepo. Halafu mwezi wa kumi na moja natoka Dar na mzigo, mvua imepiga, nafika Mikese basi la mbele likashika breki, na mimi nikashika, gari likateleza tu linaenda. Mungu mkubwa nilikuwa nimeacha nafasi, lilisimama sijui mkono mmoja kutoka kwenye bampa ya basi.

Kesho yake nikampelekea fundi wangu. Akachukua kitambaa akalowesha akafuta ubavu wa tairi la mbele, akamulika na tochi ya simu, akaniita "mama njoo usome". Limeandikwa STUDLESS. Kwenye meno kuna vistari vyembamba vingi kama vimechanjwa na wembe. Akaniambia haya ni ya kuendeshea kwenye barafu. Tarehe haikuwepo upande wa nje, ikabidi aingie chini ya gari kuitafuta kwa ndani, tukakuta 2816, akasema maana yake wiki ya 28 mwaka 2016. Yote mawili ya mbele ni hivyo hivyo. Ya nyuma ni ya kawaida, kampuni nyingine, 4021.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mzee. Anti, nilijuta kufungua mdomo. Aliniambia "kaka yangu kakukopesha matairi unaenda kumsengenya kwa mafundi? Fundi si anataka akuuzie ya kwake?" Akasema nikiyatoa yale matairi nimemwaibisha. Na hapa lazima nikwambie kitu, mume wangu alipopunguzwa kazi, huyu kaka ndiye alilipa ada ya watoto mwaka mzima na kodi ya nyumba miezi kadhaa, na hajawahi kututajia hata siku moja. Kwa hiyo naelewa. Ila mimi ndo niliyekuwa kwenye usukani pale Mikese.

Nimepita duka la matairi hapa mjini, saizi yangu ni 185/65R15. Muuzaji akaniuliza naendaga wapi, nikamwambia Dar, na Desemba huwa tunaenda Njombe kwa mama mkwe. Akasema "basi mama wewe chukua all season, ya misimu yote, maana una joto la Dar na baridi ya Njombe". Ya Kichina laki na arobaini moja, ya kampuni yenye jina laki mbili na sitini. Nina laki sita na nusu za kikoba tumevunja juzi, ila hiyo hela nilishaipangia mashine ya overloki ya mtumba, ile ya kumalizia kingo za nguo, mwenye nayo ananisubiri. Na hapa saluni wananiambia mtumba la Japani ni bora mara kumi kuliko jipya la Mchina, kwa hiyo nitatoka pabaya niende pabaya zaidi.

Krismasi inakuja, tunatakiwa kupanda mlima Kitonga kwenda Njombe na watoto. Hayo ya misimu yote ni kitu kweli au ni maneno ya dukani? Na shemeji namwambiaje? Au ninyamaze tu niendeshe taratibu?

Mama Wawili, Morogoro

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mshtuko wa Mikese. Kuacha nafasi mvua ikinyesha ni kitu ambacho madereva wengi wa ile njia hawakifanyi, wewe ulifanya, usijidharau.

Nimekusoma hivi. Una matairi mawili ya mbele ambayo hayakutengenezwa kwa nchi kama yetu na umri wake umeenda, una mume anayeona ukiyatoa umemtukana mtu aliyewashika mkono mlipoanguka, una hela moja yenye kazi mbili, na safari iko mlangoni. Barua imeandikwa matairi ila ukiisoma vizuri kinachokuuma zaidi ni nyumbani. Tuanze na matairi lakini, huko angalau kuna mambo yanayojulikana. Mimi si fundi, nimemtafuta mtu anayekula kwa kufunga matairi, hamjui shemeji yako wala duka lako, nikamsomea barua.

Hilo neno STUDLESS fundi wako hakulitunga. Japani kuna mikoa kama Hokkaido inakaa kwenye theluji miezi, zamani walikuwa wanafunga matairi yenye misumari, ile misumari ikawa inachimba lami na kujaza vumbi mijini mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikapigwa marufuku. Makampuni yakaja na tairi lisilo na misumari, mpira wake laini sana na vile vistari vya wembe ndo vinang'ang'ania barafu, Bridgestone kwa mfano walishaanza na Blizzak yao tangu 1988. Ni matairi mazuri sana, kwao. Mpira wa tairi la kawaida unaanza kukakamaa baridi ikishuka, wengi wanataja nyuzi 7, sasa huu umetengenezwa ubaki laini hata chini ya hapo. Uulete kwenye lami ya Chalinze saa nane mchana! Unalegea kupita kiasi, meno yanajikunja ukikata kona, hiyo ndo ile "gari linawaza kwanza", na breki inakuwa ndefu, kwenye maji ndo usiseme. Na haya yako yana miaka 9. Kampuni nyingi za magari zinashauri uanze kufikiria kubadilisha kwenye miaka 6, za matairi zenyewe nyingi zinaweka mwisho kabisa miaka 10, hata kama meno bado marefu. Yale meno marefu yaliyokufurahisha yalikuwa yanakwambia tairi halijatembea sana, hayakwambii limekaa muda gani.

Lakini angalia hapa, na hapa naomba tulia kidogo. Umeandika kama vile shemeji kakupa matairi mabovu manne. Ya nyuma ni ya wiki ya 40 mwaka 2021, yana miaka minne, ya kawaida. Kama hayana kiraka ubavuni, hayana nyufa, hayana uvimbe, na meno bado yako juu sana ya vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mifereji (vimewekwa kwenye milimita 1.6, tairi likifika pale limekwisha), basi hayo huenda ni matairi ya maana kwa bei ile. Kwa hiyo saluni wana ukweli wa nusu. Mtumba la Japani linaweza kuwa zuri, linaweza kuwa la barafu la miaka 9, na yote mawili yametoka kwenye kontena moja. Vivyo hivyo na la Mchina, kuna kampuni za huko zinatengeneza vitu vya kueleweka na kuna zingine wala usiulize. Nchi lilikotoka haikwambii mengi, ubavu wa tairi ndo unaongea.

Sasa hiyo ya misimu yote. Ni kitu kweli ila hakikuanzishwa kwa ajili yako na mimi. Goodyear walitoa Tiempo mwaka 1977 kwa ajili ya Wamarekani waliochoka kubadilisha matairi kila baridi ikiingia na kila ikitoka, likashika soko, wengine wakafuata. Leo chini ya jina hilo kuna matairi ya aina mbili na muuzaji wako hakukutenganishia. Kuna yenye alama ya M+S tu, yaani matope na theluji, hiyo mtengenezaji anajiandikia mwenyewe, haidai jaribio la theluji. Mengi ya haya kwa matumizi yetu ni tairi la kawaida tu la gari dogo, hayana ubaya. Halafu kuna yenye picha ya mlima wa vilele vitatu na ndani yake theluji, haya lazima yapite jaribio la theluji, kama Michelin CrossClimate au Goodyear Vector 4Seasons zinazopendwa Ulaya. Teknolojia kubwa kweli, ila ukilifunga Moro umelipia theluji ambayo hutaiona, na kwenye joto mara nyingi tairi la kawaida la kampuni hiyo hiyo linashika breki vizuri zaidi.

"Lakini Njombe kuna baridi." Ipo, na kule Kitulo mwezi wa sita na wa saba umande unaganda asubuhi. Wewe unaenda Desemba. Desemba kule shida ni mvua, na shida ya Dar ni joto na mvua. Kwa hiyo misimu yako ni miwili tu, jua kali na maji, na hayo ndo ya kulinganishia. Yule mtu wa matairi aliniambia ukienda dukani usianze na bei wala jina, chutama usome. Matairi mengi, siyo yote, yana maneno matatu ubavuni. TRACTION inaonyesha linavyosimama kwenye maji, juu kabisa ni AA, kisha A, B, C. TEMPERATURE ni kuvumilia joto, A ndo ya juu. TREADWEAR ni namba ya kudumu, muuzaji atakuringishia 400 au 500, ila hii kila kampuni inajipimia yenyewe kwa hiyo usilinganishe kampuni na kampuni kama vile ni mtihani wa taifa, na mpira unaodumu sana wakati mwingine ndo ule mgumu usiopenda kushika maji. Angalia na ile namba ya uzito baada ya saizi, 88 maana yake tairi moja linabeba kilo 560, usikubali ya chini yake kwa sababu unabeba majora ya vitambaa. Na tarehe! Hata tairi jipya linaweza kuwa limelala stoo miaka mitatu likauzwa leo na karatasi yake.

Haya, njia zako. Kuendelea na manne haya "taratibu" umeshaijaribu, na nijuavyo mimi Kitonga haimwambii mtu taratibu, malori yanakusukuma nyuma na mvua juu, gari limejaa watoto na mabegi. Halafu mbele ndo kwenye usukani na kwenye breki kubwa. Hiyo njia ina gharama ndogo ya hela leo, gharama yake nyingine unaijua wewe uliyekuwa Mikese.

Kununua manne mapya ya laki na arobaini ni laki tano na sitini, overloki kwaheri kwa sasa. Utapata usalama zaidi kwenye mvua kama ukichagua kwa kusoma na siyo kwa kuambiwa, ila utakuwa umetoa mawili ya nyuma ambayo huenda hayana kosa, na pale shemeji ataona yote manne yametupwa, hapo kweli maneno yatakuja. Ya laki mbili na sitini ni milioni na kidogo kwa seti, sikushauri ukope kwa ajili hiyo lakini sikukatazi kuota.

Kuna kununua mawili tu. Hapa kuna kitu kinawashangaza wengi na mimi kilinishangaza: makampuni ya matairi yanashauri yale yenye hali nzuri zaidi yakae NYUMA, hata kama gari linavutwa na matairi ya mbele. Mafundi wetu wengi wanafunga mapya mbele. Sababu ni kwamba mbele ikiteleza kwenye maji gari linakwenda mbele moja kwa moja na ukiachia mafuta unaweza kulirudisha, nyuma ikiteleza gari linazunguka na mtu wa kawaida hawezi kulikamata. Kwa hiyo ukifuata njia hii, mapya mawili yanayofanana yaende nyuma na hayo ya 2021 yahamie mbele, kama fundi ameyapitisha. Hela inayobaki haitoshi overloki lakini inatosha kumwambia mwenye mashine "pokea hii, nyingine mwezi wa pili", inategemea roho yake.

Na kuna ambayo hukuitaja. Shemeji yako ni mfanyabiashara wa matairi, kubadilishiwa mzigo kwake ni habari ya kila siku. Unajua kama anajua alikupa nini? Mimi sijui. Hawa wanaonunua kwa kontena wanapokea mchanganyiko, kijana wa dukani anachukua saizi 185 mbili na mbili zinazofanana anafunga, hakuna aliyelowesha kitambaa akafuta akasoma. Inawezekana pia anajua na anaona ni kawaida, maana wateja wake wote wanaendesha hivyo hivyo. Ila wewe ndani ya barua umeshamhukumu kidogo, na mume wako amesikia ile hukumu kabla hajasikia habari ya tairi. "Kaka yako kanipa matairi ya barafu" na "haya mawili ya mbele yana mwaka 2016, shemeji anaweza kutubadilishia?" zinatoka kwenye mdomo mmoja lakini zinafika tofauti.

Najiuliza pia kama mzee wako anamtetea kaka au anaitetea aibu yake ya kipindi kile. Mwanaume aliyelipiwa kodi ya nyumba na kaka yake, halafu mke wake anasema cha kaka hakifai, kuna kidonda kinaguswa pale ambacho hakihusiani na mpira. Ulimwambia habari za Mikese kwanza au ulianza na fundi? Kwenye barua umeandika fundi, STUDLESS, tarehe, kisha "nikamwambia mzee". Sikuoni ukimwambia kwamba uliogopa. Labda ulimwambia. Kama hukumwambia, mpeleke siku moja akaendeshe mwenyewe gari hilo, akate kona akiwa na mzigo, asihubiriwe na mtu.

Nani amwambie shemeji? Ukiongea wewe, faida ni kwamba gari ni lako na deni ni lako, unaongea kama mteja, "shemeji naomba unibadilishie haya mawili, nitafutie yanayofanana na ya nyuma, yasiwe chini ya 2021, nikija nalipa na iliyobaki". Ukija na hela mkononi maneno yanakuwa mepesi sana. Hatari yake ni mzee kujiona amerukwa. Akiongea mzee, heshima inabaki pale pale kati ya ndugu, lakini anaweza kuchelewa mpaka Krismasi ipite, au akasema kwa namna ya kuomba msamaha kwa ajili yako, na hiyo itakukera. Na vyovyote vile, shemeji akibadilisha, usome namba kabla hazijafungwa, tena upande wa ndani, siyo baada. Inaweza kutokea akakupa mengine ya 2017 kwa moyo mweupe kabisa, na hapo utakuwa umetumia ombi lako bure. Unaona utaweza kukataa mara ya pili? Hilo jibu unalo wewe tu. Kuna wanawake wanaweza, kuna wanaoona bora wanunue mawili kimya kimya, waseme yale ya mbele yalipata pancha mbaya. Sikwambii hiyo ya pili ni dhambi, nakwambia tu shemeji anafahamu tairi lililopasuka linafananaje, akiliomba alione utasema nini.

Kuhusu overloki, umeiweka upande wa mtaji na matairi upande wa hasara, sina uhakika kama mgawanyo huo ni wa haki. Vitambaa vinafika Moro juu ya hayo matairi. Lakini pia naelewa oda za Januari, shule zikifungua, ndo msimu wako, mashine ikikosekana unapeleka kazi kwa jirani na faida inaondoka nayo. Kama Desemba ni ya kubana, kuna basi la Njombe. Najua nauli ya watu wanne si ndogo na mama mkwe anapenda gari liingie uani. Ila inakununulia mwezi mzima wa kufikiri bila presha, na gari libaki la mizunguko ya mjini mpaka mambo yakae sawa.

Chochote utakachofunga, kagueni upepo asubuhi tairi likiwa la baridi. Fungua mlango wa dereva kuna karatasi imebandikwa, imeandikwa kwa kPa, ukiona 220 hiyo ni kama PSI 32 za kwenye mashine za sheli. Tairi lenye upepo mdogo, mzigo mkubwa, joto na mwendo, ndo hupasuka, liwe la elfu sitini au la laki mbili.

Niandikie ukishaongea na mzee, hata kama imeenda vibaya. Na muulize fundi wako aitoe spea huko chini ya buti aisome, maana hujaitaja kabisa, na kwenye haya magari ya Japani spea mara nyingi ndo tairi zee kuliko yote.